Vifupa Arobaini

Mtaala unasema: dakika arobaini,
aina za serikali, kisha mifumo ya uchumi,
na mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kutofautisha.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sufuri,
vioo vya madirisha vimefuma utando wa barafu,
na mimi, Dulmaa binti Sanjaa, mwalimu wa darasa la nane,
sina kitabu cha kiada kisichodanganya kwa lugha ya zama zake.

Basi nikamwomba Enebish alete vifupa vyake.
Akaja na mfuko wa sufu, ndani vifupa arobaini
vya vifundo vya kondoo,
vilivyolainishwa na vidole vya bibi yake, vya mama yake, vyake.
Kila kimoja kina pande nne,
na kila upande una jina: farasi, ngamia, kondoo, mbuzi.

"Tuanze na ufalme," nikasema,
nikamvika Nergui kofia yangu ya manyoya ya mbweha.
Nergui, yaani Hana-jina,
jina alilopewa ili mauti yapite mlangoni yasimwone.
Hakuhitaji hata dakika mbili kuzoea.
Aliamuru madawati yote yasogezwe mbali na jiko
isipokuwa lake.
Tukasogeza. Hata mimi nilisogeza.

Kisha tukampigia kura aondoke. Wengi wape:
kumi na wanane kwa wawili, yeye na binamu yake.
Tukapiga kura nani ashike mfuko,
tukapiga kura kama kura ile ilikuwa halali,
na jiko likazimika,
maana hakuna aliyechaguliwa kutia kinyesi kikavu.

Nikavimwaga vyote kwenye sufuria ya maziwa. "Ushirika.
Mali ya umma. Kila mtu viwili."
Na anayesinzia? akauliza Khongorzul. Viwili.
Na aliyevileta? Viwili.
Enebish, wa mwisho kwenye foleni, alisema kapata kimoja.
Nikamwambia ahesabu tena.

Hapo nilimsikia baba yangu, kalamu sikioni,
miaka ishirini akihesabu kondoo wa ushirika,
akiwaandika wazima hata waliokwisha kufa
kwa kuwa mpango ulitaka wazima.
Halafu mwaka wa kugawana akapata sabini wa kwake,
akalia machozi ya furaha, mtu mzima yule;
na theluji ya pili ikaja, ikafunga majani chini ya kioo.
Tuliwakuta wamesimama. Wamekufa wamesimama.
Hilo sikulisema. Halimo kwenye mtaala.

"Sasa soko," nikasema. "Fanyeni mtakavyo."
Ndipo walipochangamka!
Dakika tisa tu, na Khongorzul ana vifupa ishirini na saba,
vijana wawili wa kumbebea,
na deni alilomkopesha mfalme wa zamani,
riba kifupa kimoja kwa kila wimbo atakaoimba mwalimu wa jirani.
Baatarkhuu aliuza nafasi yake karibu na jiko.
Mwingine aliuza majibu ya hesabu za kesho, yenye makosa.

Enebish alikuwa mikono mitupu. Sikuona vilimtokaje.
Akanyosha kidole.
"Mwalimu, katika mifumo yote minne,
kondoo ni nani?"

Darasa likaangua kicheko. Nikageukia ubao,
nilipokuwa nimechora jedwali kwa rula,
nikatafuta safu ya kumwandika.

Kengele. Vikarudi mfukoni kimoja kimoja.
"Thelathini na tisa," alisema Enebish. Hakulalamika.
Tukapekua chini ya madawati,
nikamvua Khongorzul viatu mbele za watu,
nikahubiri kidogo juu ya uaminifu.

Jioni, mlangoni kwangu, nikipapasa ufunguo ndani ya koti,
vidole vikagusa kitu kidogo, laini,
chenye joto la mwili wangu mwenyewe.
Sikumbuki nilikichukua lini,
wakati wa mfalme au wakati wa kura.
Nikakirusha mezani. Kikaangukia mbuzi.

Kesho, kwa mujibu wa ratiba, tunaanza kodi.